Saturn: Gari lililopendwa kama ndugu, na ufunguo uliozima injini njiani

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, familia ya Kimarekani iliyokwenda kuchukua gari jipya la Saturn haikupewa ufunguo na karatasi za kusaini tu. Wafanyakazi wa duka waliacha kazi zao, wakalizunguka gari, wakapiga makofi na kushangilia. Kisha baba, mama na watoto wakapigwa picha mbele ya boneti. Kwa mtu aliyezoea yadi za magari, ambako muuzaji akikuona umekuja na mke na watoto anajua leo hutoki mikono mitupu, hilo lilikuwa jambo la ajabu.

Picha hizo bado zimo kwenye albamu za watu. Saturn yenyewe haipo. Maduka yake ya mwisho yalifungwa mwaka 2010.

Ukurasa wa familia na gari lililokufa Marekani, wapi na wapi? Jibu ni kwamba Saturn lilitengenezwa kwa ajili ya familia, likapendwa na familia, na baada ya kufa likawaachia wazazi swali ambalo mwenye gari lolote la mtumba analo pia: kampuni ikishafungwa, nani atakuambia kwamba gari unalompelekea mtoto shule lina kasoro?

Mzazi wa Saturn ni General Motors, kwa kifupi GM. Miaka ya 1980 ilipoanza, kampuni hiyo kubwa ilikuwa inachapwa nyumbani kwake na magari madogo ya Kijapani, Honda na Toyota, yaliyokula mafuta kidogo na hayakuharibika ovyo. Novemba 1983 mwenyekiti wake, Roger Smith, akatangaza mpango wa kuanzisha kampuni nyingine kabisa pembeni, itakayosahau mazoea ya zamani. Kampuni iliundwa rasmi Januari 1985. Jina lilitokana na roketi za Saturn zilizowapeleka Wamarekani mwezini.

Kiwanda kilijengwa Spring Hill, mji mdogo wa wakulima kusini mwa Nashville, jimbo la Tennessee. Chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kilikubali mkataba tofauti na mingine: wafanyakazi wangekaa kwenye vikundi na kushiriki maamuzi, badala ya kupewa amri kutoka juu. Gari la kwanza lilitoka kiwandani Julai 30, 1990. Ndani yake walikaa Smith, akiwa katika siku zake za mwisho kazini, na Owen Bieber, rais wa UAW. Bosi na kiongozi wa chama cha wafanyakazi kwenye gari moja. Kwa Marekani ya wakati ule, hiyo peke yake ilikuwa habari.

Gari lenyewe halikuwa la kutisha. Injini ndogo, umbo la kawaida, mlio wa injini uliosikika sana ukikanyaga mafuta. Lakini lilikuwa na vitu ambavyo mzazi huvipenda bila kufundishwa. Milango na mabawa yake hayakuwa ya bati bali ya plastiki ngumu. Mtoto akiegesha baiskeli vibaya, au kitoroli cha dukani kikigonga ubavuni, plastiki ilibonyea na kurudi mahali pake. Haikuota kutu. Ubaya wake ni kwamba plastiki hutanuka kwa joto, kwa hiyo mafundi waliacha nafasi pana kati ya mlango na bodi, na gari likaonekana kama nguo iliyoshonwa na fundi mwenye haraka. Wenye nalo hawakujali.

Kitu cha pili kilikuwa bei. Bei iliyoandikwa kwenye kioo ndiyo uliyolipa, hakuna kuvutana, hakuna "ngoja nikaongee na bosi". Msomaji wa hapa anaweza kuona hiyo ni hasara, maana sisi bila kupunguziwa hatulali. Lakini kwa wanawake wa Marekani ilikuwa nafuu kubwa. Wengi walikuwa wamechoka kuingia duka la magari na kuulizwa mume yuko wapi, au kutajiwa bei ya juu kwa kudhaniwa hawajui kitu. Saturn likawauzia kwa bei ile ile aliyouziwa mwanaume, na wanawake wakawa sehemu kubwa ya wateja wake.

Halafu ikaja mwaka 1991, na hapa ndipo upendo ulipokolea. Magari 1,836 yalikuwa yamewekewa maji ya rejeta yenye mchanganyiko mbaya, yanayoweza kula injini. Kampuni nyingine ingesafisha rejeta na kuomba radhi. Saturn liliwapa wenye magari hayo magari mengine mapya. Mwaka huo huo, viti vya mbele vya baadhi ya magari vilipogundulika kuwa na hitilafu, fundi alisafirishwa hadi Alaska kumbadilishia kiti mteja mmoja, na kampuni ikageuza safari hiyo kuwa tangazo la televisheni. Biashara ni biashara, tangazo lililipa kuliko nauli. Lakini kiti kilibadilishwa kweli.

Juni 1994 kampuni ikawaalika wenye Saturn wote waje Spring Hill kuona magari yao yalikozaliwa. Walikuja watu wapatao 44,000, wengine wakiendesha siku kadhaa na watoto wamelala kiti cha nyuma, kwa gharama zao wenyewe, kwenda kuangalia kiwanda. Mwaka huo ndio Saturn liliuza kuliko wakati wowote, magari zaidi ya 286,000. Mkusanyiko kama huo ulirudiwa mwaka 1999.

Kuna jambo jingine la miaka hiyo ambalo hata Wamarekani wengi hawalijui. Kila Februari 14, wakati wengine wananunua maua, hospitali na benki za damu Marekani huadhimisha siku ya kitaifa ya wachangiaji: damu, chembe sahani, uboho, tishu na viungo kama figo na ini. Siku hiyo ilianzishwa mwaka 1998 na Saturn pamoja na wafanyakazi wake wa UAW, kwa kuungwa mkono na wizara ya afya ya nchi hiyo. Gari limekufa, siku bado ipo.

Kwa nini basi kampuni iliyopendwa hivyo ife? Kwanza, familia hukua. Aliyenunua Saturn akiwa na mtoto mmoja, baada ya miaka sita alikuwa na watatu na mbwa, lakini Saturn lilikuwa bado na gari lile lile dogo. Fedha za GM zilikwenda kwa majina mengine ya kampuni hiyo, ambayo hayakufurahia kumwona mdogo wao akipendelewa. Gari kubwa zaidi, L-Series, lilikuja likiwa limechelewa, mwaka wa modeli 2000. Vue, gari la juu kidogo la familia, likafuata, na mwaka wa modeli 2003 likaja Ion kuchukua nafasi ya lile gari dogo la mwanzo.

Pili, ubora ulianza kuyumba, na wenye magari waliliona hilo kabla ya magazeti. Yale ya mwanzo yalijulikana kwa kula oili: kila ukijaza mafuta, fungua boneti uangalie kijiti, la sivyo injini inaisha kimya kimya. Baadhi ya Vue zilikuwa na giaboksi ya otomatiki iliyokufa mapema, na bili yake ilitosha kuvunja bajeti ya nyumba. Mwaka 2004, katika majaribio ya serikali ya kupima kama gari hupinduka, mifumo ya magurudumu ya nyuma ya Vue ilivunjika, na magari karibu 250,000 yakaitwa kurekebishwa. Ion nayo ilikuwa na dashibodi iliyoweka saa za mwendo katikati ya gari badala ya mbele ya dereva, jambo ambalo wenye nayo walilizoea kwa shingo upande. Lakini tatizo kubwa la Ion halikuonekana kwa macho. Lilikuwa pale unapochomeka ufunguo.

Swichi ya kuwashia gari ina hatua zake: kuzima, kufungulia redio na vifaa vidogo, gari kuwa hewani, na kuwasha. Kinachoushikilia ufunguo kwenye hatua ya gari kuwa hewani ni springi na kipini kidogo ndani ya swichi. Katika Ion, na katika magari mengine ya GM yaliyofuata, springi hiyo ilikuwa dhaifu. Ukining'iniza funguo nyingi, au goti likigusa rundo la funguo, au gari likipita kwenye bonde, ufunguo uliweza kurudi nyuma hatua moja wenyewe.

Ukirudi, injini inazima gari likiwa kasi. Usukani unakuwa mzito ghafla kama wa lori la zamani. Breki zinabaki na msaada wa mikanyago michache tu, baada ya hapo zinahitaji nguvu zote za mguu. Na kibaya zaidi, umeme wa eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka wakati wa ajali, unakatika. Yaani kasoro inayosababisha ajali ndiyo hiyo hiyo inayoondoa kinga ya ajali. Mtu anagonga mti, mfuko haufumuki, na ndugu wanabaki kujiuliza kwa nini.

GM haikuwa gizani. Nyaraka zake yenyewe, zilizokuja kukabidhiwa serikali, zinaonyesha kwamba tatizo la swichi hiyo liliandikwa mwaka 2001, wakati Ion bado inatengenezwa na haijauzwa hata moja. Mwaka 2003 fundi alipokea Ion iliyozima barabarani. Aliona mwenye gari ana funguo kadhaa kwenye kishikio kimoja, akaandika kwamba uzito wa funguo umeichakaza swichi, akaibadilisha, jalada likafungwa. Mwaka 2005 mafundi wa maduka walitumiwa waraka wa kuwashauri wateja wapunguze vitu vizito kwenye ufunguo. Waraka ulikwenda kwa mafundi; mama aliyeninginiza ufunguo wa nyumba, wa ofisi, wa kabati na kidubwasha alichotengenezewa na mwanawe shuleni hakuuona.

Mwaka 2006 muundo wa swichi ukabadilishwa na kuimarishwa, lakini namba ya spea ikaachwa ile ile. Kwenye makabrasha, swichi mbovu na swichi nzuri zikawa kitu kimoja. Siri hiyo ilifichuka kwa sababu ya wazazi waliompoteza binti yao kwenye Chevrolet Cobalt, gari lililokuwa na swichi kama ya Ion. Hawakukubali maelezo waliyopewa. Wakili wao aliajiri mhandisi, mhandisi akanunua swichi mpya, akaifungua pamoja na ya zamani, akaona haziko sawa.

Wito wa kurekebisha magari ulitolewa Februari 2014, miaka 13 baada ya karatasi ya kwanza. Ulianza na magari machache, ukapanuka hadi magari milioni 2.6. Miongoni mwa aina zilizoitwa zilikuwamo Saturn Ion na Sky, pamoja na G5 na Solstice za Pontiac. Saturn na Pontiac, majina yote mawili yalikuwa yamekwishazikwa. GM ilifilisika Juni 2009. Mfanyabiashara Roger Penske alikubali kuinunua Saturn, lakini Septemba mwaka huo mpango ulivunjika baada ya kampuni aliyotegemea imtengenezee magari kujitoa, na ukawa ndio mwisho.

Fikiria hali ya mwenye Ion mwaka 2014. Duka alikopigiwa makofi sasa linauza magari mengine au limefungwa. Gari pengine limepita mikono mitatu, na barua ya kampuni imekwenda kwa mwenye gari wa kwanza, aliyehama. Ilimbidi ajue mwenyewe kwamba Saturn sasa inahudumiwa na mawakala wengine wa GM, kama wa Chevrolet au Buick. Spea zilichelewa, watu wakasubiri miezi. Waliosubiri waliambiwa wavue kila kitu kwenye kishikio, ufunguo wa gari ubaki peke yake.

Na nani alikuwa akiendesha Ion kufikia wakati huo? Mara nyingi ni kijana. Magari haya yalikuwa ya bei nafuu, na mzazi wa Marekani humpa mtoto aliyepata leseni gari la zamani la nyumbani, akiamini anampa kitu anachokijua. Wengi kati ya waliokufa walikuwa vijana. Mfuko wa fidia uliosimamiwa na mwanasheria Kenneth Feinberg, uliopokea hata madai ya ajali zilizotokea kabla ya GM kufilisika, ulikubali vifo 124 na majeruhi 275 katika aina zote za magari hayo. Mwaka 2015 GM ilikubali kulipa dola milioni 900 kumaliza kesi ya jinai. Bunge la Marekani lilikuwa limekwishaelezwa kwamba spea ambayo ingezuia yote haya iligharimu senti 57.

Waliokwenda Spring Hill mwaka 1994 hawakuwa wajinga. Walitendewa vizuri, wakapenda. Ila upendo ule ulikuwa kwa watu wa duka na wa kiwanda, wakati uamuzi kuhusu springi ulifanywa na watu wengine kabisa, kwenye ofisi ambako hakuna aliyepiga makofi.

Injini ikizima gari likiwa kwenye mwendo, kwa sababu yoyote ile, kuna mambo ambayo dereva anapaswa kuyajua kabla hayajatokea. Shika usukani kwa mikono miwili na uuvute kwa nguvu. Ni mzito lakini unageuka. Kanyaga breki mara moja kwa nguvu na uendelee kuikanyaga, usiipige-pige, maana kila ukiachia unapoteza sehemu ya msaada uliobaki. Weka gia huru, washa taa za hatari, toka pembeni. Usiuzungushe ufunguo hadi kwenye kuzima kabisa wakati gari bado linatembea, kwa sababu usukani unaweza kujifunga. Mkanda ndio kinga isiyohitaji umeme wa swichi, kwa hiyo kila aliye ndani aufunge, na watoto wakae nyuma. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi.

Saturn halikuletwa kuuzwa kwetu, lakini kampuni iliyokufa na kuacha hatari ndani ya magari yaliyo hai tunayo. Takata ya Japani ilitengeneza eabegi za Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na wengine wengi. Kemikali iliyowekwa ndani ya baadhi yake huharibika kadiri inavyokaa kwenye joto na unyevunyevu, na mfuko ukifumuka unaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa. Takata ilifilisika mwaka 2017. Magari ya Kijapani ya miaka ile bado yanashushwa bandarini na kupelekwa kwenye yadi, na hakuna barua itakayotoka Japani kukufuata Tabata au Kisumu.

Kinachokufuata ni namba ya chesi. Imeandikwa kwenye kadi ya gari na kwenye kibati chini ya boneti. Watengenezaji wakubwa wa Japani wana kurasa za mtandaoni ambako namba hiyo huingizwa na kuonyesha kama gari liliwahi kuitwa kurekebishwa. Zimeandikwa Kijapani, lakini simu inatafsiri. Wakala rasmi wa kampuni hiyo nchini anaweza kuulizwa pia. Muuzaji wa yadi akikwambia hiyo namba ya nini, tayari amekusaidia kuamua.

Mwenye ndugu Marekani anayetafuta gari la kuanzia maisha anaweza kusikia habari za Saturn hadi leo: bei ndogo, milango haina kutu, injini inakwenda ilimradi oili inaangaliwa. Ni kweli yote. Huko namba ya gari ina tarakimu na herufi 17, na mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, ina tovuti ya bure ya kuikagua. Kama ni Ion, aulize jambo moja kabla ya rangi na redio: swichi ya ufunguo imebadilishwa? Kama haijabadilishwa, au muuzaji hana hakika, hatua ya kwanza ni kwenda kwa wakala wa GM. Na hadi siku hiyo, ufunguo wa nyumba ukae mfukoni, ule wa gari uning'inie peke yake.